Charlie, Henry, pundamilia Zane au kitabu cha kushona mwenyewe: kipi uwasomee watoto kuhusu usonji?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kitabu kwa jalada. Darasa langu la awali lilikuwa na watoto 46, mmoja wao ana usonji (kwa Kiingereza *autism*, yaani ubongo wake hufanya kazi kwa namna yake), nami nikaletewa kijitabu chenye picha za kupendeza kilichoeleza usonji ni nini: mtoto mwenye usonji hufanya hivi, hapendi vile, huongea namna hii. Nikakisoma kwa moyo wote, nikajibu maswali, nikakifunga nikiwa nimeridhika. Wiki haikuisha, wenzake wakawa wameshampa jina jipya. "Usonji, njoo!" "Mwalimu, Usonji kamwaga uji!" Hawakuwa na ubaya wowote. Niliwapa neno bila kuwapa mtu, nao wakalitafutia mahali pa kulibandika.

Ilinichukua muhula mzima kulibandua. Tangu hapo, mzazi au mwalimu mwenzangu akiniuliza anunue kitabu gani, humrudishia swali: atakayesikiliza ni nani? Dada wa mtoto anayeulizwa mtaani "kaka yako ana nini?" Darasa zima? Mtoto mwenyewe? Au bibi anayeamini kuwa mjukuu kaingiliwa na kitu? Kitabu kinachomfaa mmoja kinaweza kumharibia mwingine, na mimi ni shahidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya wanafunzi 800 ingekuwa na watoto kama sita, endapo wote wangeletwa shuleni. Wengine hawajawahi kuonwa na mtaalamu. Wanajulikana tu kama "yule mkorofi" au "yule wa kujitenga". Kwa hiyo hata kama unadhani darasa lako halina mtoto mwenye usonji, soma.

Charlie na Henry: kutaja neno au kuliacha

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

*My Brother Charlie* kilitoka mwaka 2010. Kimeandikwa na mwigizaji wa Marekani Holly Robinson Peete pamoja na binti yake Ryan Elizabeth, picha zimechorwa na Shane W. Evans. Ryan ana kaka pacha mwenye usonji, na hadithi imechotwa humo humo nyumbani kwao: msichana aitwaye Callie anatusimulia habari za pacha wake Charlie. Neno usonji linatajwa waziwazi. Tunaambiwa kuwa ubongo wa Charlie hufanya kazi kwa namna yake, kwamba kupata marafiki na kuonyesha anachohisi ni kazi ngumu kwake. Callie anakiri pia kuwa ziko siku ambazo kuwa dada yake Charlie si rahisi. Familia ni ya watu weusi, na kwa watoto wetu hilo si jambo dogo: mara nyingi vitabu vya namna hii huwaonyesha watoto wa Kizungu watupu, na mtoto wa Tanga au Kisumu anaondoka na wazo kwamba usonji ni jambo la huko.

*A Friend for Henry* ni cha mwaka 2019, kimeandikwa na Jenn Bailey na kuchorwa na Mika Song. Mwaka 2020 kilitajwa kwa heshima katika Tuzo ya Schneider, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani hutoa kwa vitabu vinavyoonyesha vizuri maisha ya watu wenye ulemavu. Henry yuko darasani anatafuta rafiki. Anataka mtu wa kugawana naye, wa kumsikiliza, na ikiwezekana apende vitu vikae mahali pake kwa mpangilio. Anajaribu kwa huyu, mambo yanaharibika. Anajaribu kwa yule, kelele zinamzidi. Mwishowe yuko Katie, na yuko samaki wa darasa wa kutazamwa pamoja. Ndani ya hadithi hakuna mtu anayesema usonji. Tunaliona darasa kwa macho ya Henry, basi.

Nilivisoma vyote viwili kwa miaka tofauti, nikitafsiri kwa mdomo huku nikionyesha picha. Tofauti niliiona kwenye maswali ya watoto. Charlie alipoisha waliniuliza: "Usonji unaambukiza?" "Atapona?" Ni maswali mazuri, na majibu yake ni hapana na hapana, maana si ugonjwa. Ila yote yalikuwa yanahusu usonji. Henry alipoisha, mtoto mmoja aliuliza kwa nini Henry hakupenda kelele, na kabla sijafungua mdomo mwenzake akamjibu: "Si kama Abdi, kengele ikilia?" (Abdi ndiye mwenzao mwenye usonji; jina nimelibadili.) Sikuwa nimemtaja Abdi hata mara moja. Walimfikia wenyewe kwa njia ya Henry, na walipomfikia alikuwa bado Abdi.

Kwa darasa, basi, mimi nachagua Henry, na simung'unyi maneno. Lakini nyumbani nageuza. Dada au kaka wa mtoto mwenye usonji tayari anaishi na mambo yote ambayo Henry anayaonyesha. Anachokosa ni neno la kuyaeleza na ruhusa ya kusema amechoka. Charlie anampa vyote viwili. Zaidi ya hapo, kwetu usonji hufichwa. Mama husemwa kwamba kala nini, kafanya nini, kalaaniwa na nani. Nyumba ambayo neno halitajwi kamwe, mtoto hujifunza kwamba ni jambo la aibu. Humo, kitabu kinacholitaja neno bila kulinong'oneza kina kazi kubwa.

Nina neno moja juu ya Charlie, na nalisema kwa kuwa kitabu chenyewe nakipenda. Tunaambiwa anawajua marais wote wa Marekani kwa majina, anajua habari chungu nzima za ndege za angani na anapiga piano vizuri. Ni kweli wako watoto wa namna hiyo. Wako pia ambao hawana kipaji chochote cha kuonyesha wageni, wanaohitaji kusaidiwa chooni wakiwa na miaka tisa, na hao nao ni wa kupendwa. Ukimsomea mtoto ambaye kaka yake hapigi piano, usiharakishe ukurasa huo. Muulize kaka yake anapenda nini. Akikujibu "kuzungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa", mwambie hilo ndilo la kuandika kwenye ukurasa wao.

Mambo ambayo kitabu cha ugenini hakiyajui

Vitabu vingi vya nje hutaja kutotazama machoni kama alama ya kwanza ya mtoto mwenye usonji. Jaribu kuwasomea hilo watoto wa Kiswahili. Kwao mtoto anayemkodolea mkubwa macho ndiye mwenye kasoro. Kuinamisha macho mbele ya mzee ni adabu. Sehemu hiyo itawapita tu.

Linalowasumbua watu wetu ni jingine: salamu. Mtoto asiyesema shikamoo anahukumiwa hapo hapo, na mama yake pamoja naye. Hakuna kitabu chochote kati ya hivi ninavyovilinganisha kinachogusa hilo, na hakiwezi kulaumiwa. Hakuna pia mvua inayopiga bati mpaka darasa zima linapiga kelele kwa furaha huku mtoto mmoja amejikunja chini ya dawati. Hakuna spika za harusi zinazokesha, wala mikono ya mashangazi sita inayotaka kumbeba kwa zamu. Hayo yajazie mwenyewe unaposoma.

Na uchunge tafsiri. Mtoto akilia, akijitupa chini, akijipiga kwa sababu mwanga, kelele au mabadiliko yamemwelemea, usiseme "ana hasira" wala "anadeka". Sema "amezidiwa". Watoto wa miaka mitano wanalijua neno hilo. Bibi akizidiwa na joto hukaa kivulini. Kupunga mikono au kujitikisa, sema hivyo hivyo, usitafute neno la kitaalamu. Wala usiseme "anaugua usonji". Sema ana usonji.

Pundamilia Zane

*All My Stripes* (2015), cha Shaina Rudolph na Danielle Royer, picha za Jennifer Zivoin, kinavutia tangu jalada. Zane ni pundamilia anayejiona tofauti darasani, anaogopa kwamba wenzake wanaona mlia wake wa usonji tu, mpaka mama yake anapomwonyesha milia yake mingine, ile ya mambo yake mazuri. Nyuma yake kuna mwongozo kwa wazazi, na mchapishaji ni tawi la vitabu vya watoto la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani.

Kwa mtoto mwenyewe mwenye usonji, anayeongea, mwenye miaka saba au nane na ameanza kujiuliza "mimi nina nini?", sijaona cha kukishinda. Maneno yanatoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa darasa la awali sikishauri. Watoto wangu walitaka kujua mlia wa usonji wa mwenzao uko wapi, na wawili walikwenda kumkagua shingoni. Tena kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto wa mwaka 2017 uliofanywa na watoto wa miaka 4 hadi 6: waliosomewa hadithi ya kugawana yenye wahusika binadamu waligawa zaidi baadaye kuliko waliosomewa hadithi hiyo hiyo yenye wanyama waliovikwa nguo. Nilipousoma nilishtuka kidogo, maana sisi tumelelewa na Sungura na Fisi. Lakini ukifikiri, Sungura alitufundisha akili na ujanja. Sikumbuki hata mara moja aliponifundisha kumkaribia mtoto wa jirani.

Mtoto asiyeongea

*A Day With No Words* cha Tiffany Hammond, kilichochorwa na Kate Cosgrove, kilitoka mwaka 2023. Mwandishi mwenyewe ana usonji na analea watoto wa kiume wenye usonji, na hilo linaonekana. Aidan haongei kwa mdomo. Anaongea kwa kugusa kishikwambi, na mama yake naye hutumia kishikwambi kumjibu. Siku inapita nzima bila mmoja wao kutoa sauti, na ni siku iliyojaa mazungumzo.

Hiki ningempa mtu mzima kabla ya mtoto. Mitaani kwetu asiyeongea huitwa bubu, na watu humsema mbele yake kana kwamba hasikii. Aidan anasikia kila kitu. Mkubwa akikisoma kitabu hiki akapata hilo moja tu, ametosheka. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto akizoea picha au kifaa hataongea tena. Hofu hiyo haina msingi, picha hazimzuii mtoto kujifunza kusema. Na kama hakuna kishikwambi cha mtoto nyumbani, kadi za manila zenye picha ya maji, uji, choo, nyumbani na "basi, sitaki" hufanya kazi ile ile. Wasomee watoto Aidan, halafu kaeni nusu saa mkiombana vitu kwa kadi bila kusema. Watanyamaza kuliko walivyowahi kunyamaza kwa fimbo ya mwalimu yeyote.

Kuna kingine nitakipitia haraka: *Just Ask!* (2019) cha Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyegundulika kuwa na kisukari akiwa na miaka 7. Watoto wanapanda bustani pamoja; mmoja ana kisukari, mwingine pumu, mwingine haoni, mwingine ana usonji. Usonji unapata nafasi ndogo tu humo. Ila kama darasa lako lina mtoto wa kiti cha magurudumu, mwenye ualbino na mwenye kifafa kwa pamoja, na hutaki mmoja aonekane peke yake, anzia hapo.

Bure, na kwa Kiswahili

Vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza, na kuviagiza ni gharama. Kabla ya kutoa hela, fungua African Storybook ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, au StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote mbili zina hadithi za picha kwa Kiswahili, bure, na leseni yake inakuruhusu kutafsiri na kuchapisha. Utapata hadithi za watoto wanaofanana na wako, wenye mbuzi, madumu ya maji na mabibi. Mwalimu wa Tanzania aliyegawiwa kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022 tayari ana maktaba mkononi. Picha zitaonekana vizuri ukiwakalisha watoto kumi kumi. Chagua yenye mtoto anayefanya jambo kwa namna yake na wenzake wakampa nafasi. Haihitaji kuwa na neno usonji.

Cha kukikataa, kiwe cha bure au cha kununuliwa: hadithi ambayo mwisho wake mtoto "anapona", hadithi ambayo wenzake wanamkubali baada tu ya kuwaokoa au kushinda mashindano, na chochote chenye maelezo ya wakubwa yanayodai usonji unaletwa na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha uzushi huo katika jarida la Lancet ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Mtoto aliyekoseshwa chanjo ya surua kwa ajili ya ukurasa wa kitabu ni msiba usiokuwa na sababu.

Kitabu cha kushona mwenyewe

Nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kilichonirudishia Abdi. Mwalimu wa Michigan, Carol Gray, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaandikia wanafunzi wenye usonji hadithi fupi za kueleza jambo moja: foleni ni nini, kengele ya moto inalia kwa nini. Kanuni yake ni kueleza zaidi na kuamrisha kidogo. Mimi niliigeuza kidogo, nikaandika kwa ajili ya wenzake.

Niliomba ruhusa kwa mama yake, nikampiga picha Abdi kwa simu kwa siku mbili, nikazichapisha kwenye duka la steshenari, nikazibandika kwenye manila na kuzishona kwa uzi wa gunia. Kurasa saba. Abdi mwenyewe alizipanga. Picha mbili alizisukuma pembeni, nikaziacha. Maneno yalikuwa haya:

*Huyu ni Abdi. Anakaa karibu na dirisha.*
*Abdi anapenda vifuniko vya soda. Anavipanga kwa rangi.*
*Mvua ikipiga bati, masikio ya Abdi yanauma. Anayaziba.*
*Akifurahi anaruka na kupunga mikono.*
*Shikamoo ya Abdi ni kukugusa mkono.*
*Ukitaka kucheza naye, kaa chini karibu yake. Mpe kifuniko kimoja.*
*Subiri.*

Ukurasa wa mwisho una picha ya kifuniko peke yake. Ndio waliouelewa kuliko yote. Msichana mmoja alikaa naye mapumziko ya siku tatu na kifuniko chekundu kiganjani. Siku ya nne Abdi alikichukua, akakiweka kwenye safu ya vyekundu, akarudi kumgusa mkono.

Kasoro zake zipo. Kinamhusu mtoto mmoja tu, kwa hiyo hakifundishi kwamba wenye usonji wanatofautiana sana wao kwa wao. Kinazeeka, mwaka ujao Abdi atakuwa ameacha vifuniko na kuhamia kwenye kamba. Na ni picha za mtoto wa watu: kisitoke darasani, kisipigwe picha kikatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa nia njema. Mama akikataa, usikitengeneze.

Sasa uchague

Mwenye hela ya kitabu kimoja na darasa la watoto wa miaka 5 hadi 7, nunua Henry, na umsome muhula mzima, si Aprili 2, siku ya usonji duniani, peke yake. Mwenye watoto wawili nyumbani, mmoja ana usonji na mwingine ameanza kuona haya kutoka naye, nunua Charlie, umsomee huyo wa pili akiwa peke yake na wewe kwanza. Mtoto mwenyewe akishaanza kujiuliza, mtafute Zane. Asiyeongea, Aidan apewe baba, wajomba na majirani.

Asiye na hela anunue manila. Kurasa saba zinatosha, na kazi ni ya jioni mbili.

Na kwa bibi, yule anayesema mtoto hana adabu, usimpelekee Charlie wala Henry. Hatasoma Kiingereza, na mambo ya Marekani hayamhusu. Mpelekee ulichokishona, kaa naye mkekani, na uanze kumwonyesha kwa ukurasa wa shikamoo.